Pindo la Kanga

Nahodha alinitazama, akamtazama mama mkwe wangu, akaamua kwamba sisi ni mtu na mama yake. Hakuuliza, wala simlaumu. Aliona watu watatu wa bara wamekaa kwenye ubao mmoja wa boti yake ya mashine, mke wangu katikati ameinamisha kichwa kwa kichefuchefu, huku na huku mimi na mama tumeshikilia kingo za boti kama waliopandishwa kwa nguvu. Akataka kujua nani kati yetu anajua kuogelea. Nikasema mimi. Ndipo akaninyooshea kidole na kutoa amri ambayo hadi leo naikumbuka.

"Kaka, wewe kaa na mama. Usimtoe machoni hata kidogo."

Kwa mtu mwingine yeyote hiyo ni amri nyepesi. Kwetu sisi alikuwa ameagiza jambo ambalo tangu nioe sijawahi kulifanya, nalo nilikatazwa hata kulijaribu.

Niseme mapema ili nieleweke. Mama mkwe hatazamwi usoni. Hashikwi mkono, hali sahani moja na mkwewe, hakai naye mkeka mmoja. Kitu cha kumpa unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Jina lake hulitamki, na hata sasa nikiandika haya mkono wenyewe unakataa. Ukiwa na neno la kumwambia, unamwambia mkeo naye anamfikishia, hata kama mama amekaa hapo hapo anasikia kila kitu. Upande wetu wa Kang'ata, sisi Wazigua tumeshalegeza sana, na vijana wa mjini Handeni siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao mabega kwa mabega. Siwalaumu, ila nao wasinicheke. Upande wa mke wangu, huko Mpale milimani, nyumba yao ni ya Wasambaa wa zamani, na mimi niliposema nataka binti yao niliyakubali masharti pamoja na binti.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda jirani na soko la Handeni, na tangu harusi mimi ndiye ninayemshonea mama mkwe magauni yake yote. Sijawahi kumpima. Mke wangu huniletea gauni la zamani, ananiambia mama amepungua mabegani au ameongezeka kiunoni, nami nakata kwa kukisia. Wateja wangu wanajua habari hiyo na wananitania kwamba mimi namshonea jini. Lakini magauni yanamkaa vizuri, na sifa zake hunifikia kwa kupitia mke wangu, tena zikiwa zimepunguzwa makali ili nisivimbe kichwa.

Sasa mtu wa namna hiyo anafuata nini katikati ya bahari na mama mkwe wake?

Yote yalianza na jiwe la kusugulia miguu. Mama alikuwa nalo tangu ujana wake, jeupe, jepesi, lenye vitundu vidogo vidogo, limelainika upande mmoja kwa kutumika. Aliletewa na mumewe, ambaye simjui kwa kuwa alifariki kabla sijaoa, enzi hizo akipakia marobota ya mkonge bandarini Tanga. Mpale ina udongo mwekundu unaong'ang'ania mguuni, na jiwe hilo lilikuwa halikosi kazi. Mke wangu anafundisha baiolojia katika shule moja ya Korogwe, na mwalimu hata likizoni hajui kunyamaza. Siku moja akamwona mama yake anajisugua, akamwambia kwamba lile si jiwe. Ni tumbawe, ni nyumba ya wadudu wa baharini, wanyama kabisa, waliwahi kuwa hai na wengine wako hai hadi leo chini ya maji.

Jioni mama akauliza kama ina maana miaka yote hiyo amekuwa akisugua visigino kwa mzoga. Akauliza kama wadudu hao wanasikia maumivu. Kisha akasema hataligusa tena mpaka awaone wenyewe wakiwa hai. Mke wangu alicheka. Mama hakucheka. Kuanzia hapo kila simu kutoka Mpale iliishia kwenye tumbawe, mpaka nikaletewa salamu kamili, "Mwambie mkwe atafute njia." Nani atakataa? Mama mkwe wako akiomba kitu kimoja tu tangu umwoe binti yake, unakwenda hata kama kitu chenyewe kiko chini ya bahari.

Nikatafuta njia. Tukasafiri mpaka kijiji kimoja cha pwani, kusini mwa Pangani, mahali ambapo gari hufika kwa kubembelezwa. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi mitano na nilimwomba abaki nyumbani. Alinijibu kwa swali. Mimi na mama yake tukiwa peke yetu, nani atakayetupitishia maneno?

Ndio maana, nahodha alipotoa amri yake, mimi nilimtegemea mke wangu aseme. Kumbe yeye alinitegemea mimi. Nikamwona mama kwa pembe ya jicho akimbana binti yake mkono, nami nikaelewa. Tungesema kwamba mkwe hawezi kumwangalia mama, nahodha angesema basi mama abaki botini. Mwongozaji wa kuogelea na wageni alikuwa mmoja tu, naye alikwisha kuwachukua wageni wawili wa kutoka ng'ambo kuwapeleka upande wa pili wa mwamba, kwenye kina kirefu. Mama alikuwa hakuja hapo kubaki botini.

Nahodha akamvika jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa, akamfunga miwani ya maji na kumwonyesha namna ya kuuma mrija wa kupumulia. Mama alikuwa amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, suruali ya michezo ndani yake, kilemba kimekazwa kichwani na kanga kiunoni. Nahodha akamwambia kanga aiache, itamsumbua majini. Mama akamwambia binti yake amwambie huyo kijana kwamba kanga haivuliwi mbele za watu. Nahodha akatazama huku na huku, hajui kwa nini anaambiwa kwa kupitia mtu mwingine, akakubali. Kanga yenyewe niliijua. Ilikuwa moja ya zile nilizopeleka kwao wakati wa kuoa, na nilizipinda kwa haraka katika pilikapilika za harusi, mshono mmoja tu badala ya miwili. Kila nikiiona kanga hiyo fundi ndani yangu huona aibu.

Nahodha alifunga kamba ndefu nyuma ya boti na boya mwisho wake, akamwelekeza mama aishike asiiachie. Mama akashuka. Nilisikia maji yakipasuka kidogo, kisha kimya, kisha pumzi ikitoka kwenye mrija, nzito na ya woga. Baadaye pumzi ikatulia. Mke wangu akaniambia mama ameinamisha uso majini na anatikisa kichwa kama anayesema na mtu.

Nami nikashuka, upande wa pili wa boti.

Nilijifunza kuogelea kwenye lambo la ng'ombe, nikichunga, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa ambayo huoni hata kidole chako. Maji ya lambo yanakusubiri. Unayaacha jioni, unayakuta asubuhi pale pale, labda yamepungua kwa jua. Nilipoingiza uso kwenye maji yale ya bahari nikaona mpaka chini, na cha kwanza nilichohisi ni kizunguzungu, kama mtu aliyechungulia kutoka juu ya paa. Chini yangu kulikuwa na matumbawe ya kila umbo, mengine kama magunzi ya mahindi yaliyorundikwa, mengine yamekunjamana kama kitambaa kilichokosewa kupiga pasi. Samaki wa bluu wenye midomo ya kasuku walikuwa wanayang'ata, na nilisikia kabisa wanavyotafuna. Ilikuwa nzuri. Lakini sikustarehe hata kidogo, maana kichwani nilikuwa na amri mbili zinazopigana, usimtoe machoni na usimtazame.

Nikafanya hesabu yangu ya kijinga. Niliamua kwamba nitaitazama kamba. Kamba si mtu, haina heshima ya kuvunjwa. Ikikazika, yupo ameishika. Ikilegea, kuna jambo. Kila baada ya muda niliinua kichwa, nikachungulia nyuma ya boti pale kamba ilipofungwa, nikaiona imenyooka vizuri, nikarudi kwenye samaki wangu nimeridhika. Mtu yeyote wa pwani angenicheka mpaka akae chini. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Yalikuwa yanatoka kuelekea bahari kuu kwa kupitia mlango kwenye mwamba, na mkondo ulikuwa unalivuta lile boya kwa nguvu zake wenyewe. Kamba ingekazika hivyo hivyo hata kama ingeshikwa na shetani au isishikwe na yeyote. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nilikuwa nayafahamu ya lambo tu.

Nahodha naye alikuwa ameinua mashine anakata kipande cha wavu mkuukuu kilichojisokota kwenye pangaboi lake linalozunguka majini. Mke wangu alikuwa anatapika. Hapo ndipo tulipokuwa, kila mmoja na shughuli yake, mpaka nikasikia sauti ya mke wangu juu yangu, ya chini na kavu.

"Mama yuko wapi?"

Nikatazama kamba. Ilikuwa imenyooka kabisa. Nikazunguka nyuma ya boti, na kwa mara ya kwanza nikamtafuta mama mkwe wangu kwa macho yote mawili. Boya lilikuwa linacheza peke yake. Mbali, mbali kuliko nilivyoweza kuamini, jaketi la rangi ya chungwa lilikuwa linakwenda kuelekea kwenye mstari mweupe ambako mawimbi yalikuwa yanapasukia mwambani. Alikuwa bado ameinamisha uso. Hakuwa anajua. Baadaye tulielewa kwamba alimwona kasa, kasa mkubwa aliyepita chini yake bila haraka, naye akaachia kamba ili amfuate kidogo tu, na bahari ikamsaidia kumfuata.

Nahodha alisimama, akaona, na uso wake ukabadilika. Mashine ilikuwa haiwezi kuwaka na wavu ule. Aliniambia kwa haraka nimfuate, na nikimfikia nisithubutu kupigana na maji kurudi kwenye boti, nikate kwa ubavu kuelekea kushoto, kule kwenye maji meupe yaliyotulia, kwa sababu chini yake ni fungu la mchanga. Sikungoja amalize. Nyuma yangu nilimsikia mke wangu akimwita mama yake, lakini masikio ya mama yalikuwa majini.

Kumfikia hakukuwa kazi, mkondo ulinibeba. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilisikia mawimbi kabla sijayaona vizuri, mngurumo ulioingia kifuani. Chini yangu matumbawe yalikuwa yananisogelea, makali, na kati yake vidude vyeusi vyenye miiba mirefu. Nikawaza juu ya miguu ya mama, visigino vile vilivyosuguliwa miaka yote, na nikawaza kwamba mawimbi yakimrusha pale hatasuguliwa tu. Niliogopa sana. Niliogopa kifo chake, na niliogopa kurudi kwenye boti nikiwa peke yangu na kumtazama mke wangu.

Nilipomkaribia, naye alikuwa ameinua kichwa. Miwani ilikuwa imejaa maji akaivuta shingoni, mrija umemtoka. Kilemba hakikuwepo, bahari ilikuwa imekichukua. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Sikuwahi kujua. Nikageuza uso pale pale, ndani ya maji, mawimbi yananguruma mbele yetu, na bila kumtazama nikamnyooshea mkono.

Hakuushika.

Nikausogeza zaidi mpaka nikahisi ameukwepa. Nikadhani ni maji yanatutenganisha, nikarudia, akakwepa tena. Akasema "Hapana, mkwe," kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea mimi mwenyewe. Nilikasirika. Naomba nieleweke, nilikasirika mpaka nikataka kumpigia kelele mama wa watu, kwamba heshima gani hii ya kuzikwa nayo, kwamba mwanao yuko pale juu na mimba, nitamwambia nini? Lakini mwili wangu nao ulikuwa umefundishwa. Tulikuwa tunakwenda mwambani pamoja, mkwe na mkwe, kila mmoja kwa umbali unaostahili.

Ndipo nikaona, kwa pembe ya jicho, mikono yake inahangaika chini ya jaketi. Alikuwa anafungua kanga kiunoni. Ilichukua muda, fundo lilikuwa limelowa na kukaza, na kila wimbi lilimzamisha kidevu. Hatimaye kitambaa kikatokea juu ya maji, kimejaa kama tumbo, na ncha yake ikanigonga begani.

"Shika."

Nikashika. Nikaizungusha kwenye kiganja mara mbili, nikahisi upande wa pili naye ameizungusha, nikageukia kushoto na kuanza kuvuta. Sijawahi kufanya kazi ngumu namna ile. Kila nikipiga maji, mkondo unatudai tulichopata. Sikuweza kumwona, lakini nilimsikia kwenye kanga. Akipiga miguu, kanga ililegea kidogo. Akichoka, ilikaza. Nilikuwa namjua kwa kitambaa, kama nilivyomjua siku zote. Nikavuta nikitazama yale maji meupe yaliyokuwa yanasogea polepole mno, na kelele za mawimbi zikiwa sasa upande wetu wa kulia, karibu.

Kisha kanga ikanasa. Katikati yetu kulikuwa na tumbawe limechomoza karibu na uso wa maji, na kitambaa kikajishika kwenye meno yake. Nilivuta, na mkononi nikahisi kinaanza kuachia. Fundi haambiwi kitambaa kikianza kuchanika. Kilianzia kwenye pindo, kwenye ule mshono wangu mmoja wa haraka, kikaendelea uzi kwa uzi, na nikajua kabisa kwamba nikivuta tena kwa nguvu tutagawana, yeye nusu na mimi nusu. Nikalegeza. Kulegeza tu, wimbi likaja kutoka ubavuni, likanipiga na mwamba, goti likachanika, na ncha ya kanga ikanitoka.

Hapo sikuwaza. Naandika hivyo kwa kuwa watu huniuliza niliwaza nini. Niligeuka nikamtazama usoni mama mkwe wangu, nikaona macho yake yamefumbuka yote, nikamshika mkono juu ya kiwiko. Safari hii hakukwepa. Alinishika naye, kwa mikono miwili, kucha zikaingia. Nikamvuta hivyo hivyo, kifua kwa bega, mpaka mguu wangu ukagusa kitu laini kisichouma. Mchanga.

Maji yalitufika kifuani. Mara tu miguu yake ilipopata pa kusimama aliniachia na kunipa mgongo. Nami nikampa wangu. Tukasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, watu wawili wa bara katikati ya bahari ya Hindi, yeye anatazama nchi kavu na mimi natazama mawimbi yaliyotukosa. Goti lilikuwa linatoa damu, utepe mwembamba unaokwenda na maji. Nilimsikia anatoa kanga majini, anaikamua, anajifunika kichwa kwa ile iliyobaki salama. Kisha akasema, akiwaambia samaki au akimwambia Mungu,

"Mtu amwambie mkwe kwamba goti lake linatoka damu."

Nikameza maji ya chumvi yaliyokuwa kinywani. Nikawaambia mawimbi kwamba mtu amwambie mama haliumi.

Boti ilipokuja, wavu ukiwa umeshakatwa, mke wangu alitupokea analia na kucheka. Nahodha alinipiga bega na kusema kweli mimi ni mtoto wa mama. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, na sikuona aibu, kwa sababu mwili ulikuwa umebaki kule mwambani na ulikuwa ndio kwanza unarudi. Mama alikaa mbele kabisa ya boti, amejifunika, amenipa mgongo. Alimwambia binti yake jambo moja tu, kwamba amewaona wadudu wale, wako hai, na wana midomo midogo.

Tukarudi bara, nao ukimya ukaanza.

Kwanza sikuutambua. Kisha mwezi ukapita bila gauni la kupimia kuletwa, na mwingine. Nilimuuliza mke wangu kama mama hahitaji nguo. Akasema hakutaja. Salamu zake, ambazo zamani zilikuwa na kijembe kidogo ndani yake, zikawa salamu tu. Katika nyumba yao, mkwe akimgusa mama mkwe hata kwa ajali, hupeleka nguo ya kumfunika aibu, na mpaka nguo hiyo ipokewe mtu hajui amesimama wapi. Nikanunua doti mpya ya kanga, nzuri kuliko zote sokoni. Nikaipinda kwa mshono wa mara mbili, nikaifungua, nikaipinda upya. Mke wangu akaipeleka Mpale. Aliporudi akasema mama aliipokea, akaiweka, akaendelea kuchambua maharage. Lile jiwe alikuwa ameliweka juu ya kabati, na visigino sasa anasugua kwa gunzi la mahindi. Juu yangu hakusema lolote.

Hilo liliniuma kuliko goti. Mimi nilimpoteza mama yangu nikiwa mdogo, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu, hata mke wangu, kwamba yale masharti yote niliyapenda. Mtu akikulazimisha umheshimu namna ile, maana yake kuna mtu anakuhesabu. Sasa niliona nimehesabiwa vingine. Nimekuwa yule mwanamume aliyemwona kichwa wazi na kumshika mwili, na mtu huyo hawezi tena kuwa mkwe. Usiku mwingine nilibishana naye kimoyomoyo. Ningefanya nini, mama? Ningekuacha? Kisha nikawa najibu kwa niaba yake, nikashindwa kesi mwenyewe.

Mtoto alizaliwa hospitalini mjini Handeni, msichana, salama. Mama mkwe alishuka kutoka Mpale kuja kumwuguza binti yake kwa siku arobaini, na mimi nikahamishia godoro kibandani, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa, kama inavyotakiwa. Asubuhi ya kwanza nilikwenda nyumbani kumwona mwanangu. Nilisimama mlangoni, nikapiga hodi, nikatoa shikamoo kwa kuielekeza kwenye kizingiti. Sikusikia marahaba. Mke wangu alikuwa bafuni, nilisikia maji. Ndani alikuwa mama peke yake na mtoto, na nilijua la kufanya. Ningerudi nyuma. Angemlaza mtoto mkekani, angeondoka, kisha ningeingia.

Nikarudi nyuma hatua moja. Lakini yeye alikuja mpaka mlangoni. Niliona kwanza miguu yake, kisha kanga aliyomviringishia mtoto. Nilimletea kanga mpya, na haikuwa hiyo. Ilikuwa ile ya baharini, imefifia kwa chumvi, na kutoka kwenye pindo mchaniko mrefu ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa uzi mnene wa rangi isiyolingana, mshono umepinda huku na huku. Hakunipa mimi niutengeneze. Alikuwa ameushona mwenyewe, mara mbili.

Mikono yake ilikuwa imeingia chini ya kanga. Akamnyoosha mtoto kwangu, hakumweka chini. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, kama inavyotakiwa.

"Shika," alisema.

Nikageuzia uso wangu uani, nikapitisha mikono chini ya kanga mpaka nikahisi mikono yake upande wa pili wa kitambaa, na nikashika.